Si Kila Mluzi wa Pumzi ni Pumu: Fahamu Upasuaji wa Kurekebisha Mrija wa Hewa

Na Mwandishi Wetu, Kiomboi

Mkazi wa Kiomboi anayepata ajali mbaya ya pikipiki, akapoteza fahamu na kulazwa wiki tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi, huhesabiwa na ndugu zake kuwa amepona siku anaposhuka garini na kuingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Kwa wagonjwa walio wengi hesabu hiyo ni sahihi. Wapo wachache, hata hivyo, ambao baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, huanza kuhema kila wanapopanda kilima au kubeba ndoo ya maji. Baadaye pumzi yao hutoa mluzi. Wakifika zahanati hupewa dawa za pumu. Dawa zikishindwa huongezewa dozi, na dozi ikishindwa, watu huanza kutafuta sababu nje ya hospitali.

Kwa wagonjwa wa namna hii sababu mara nyingi iko sentimita chache tu chini ya kidevu. Mrija unaopeleka hewa kwenye mapafu umesinyaa kwa kovu, na hakuna dawa ya kuvuta wala kidonge kinachoweza kuliondoa kovu hilo. Ugonjwa huu una tiba ya upasuaji, na wengi wanaofanyiwa upasuaji huo kwa wakati hupona na kurudi katika shughuli zao. Sharti lake ni moja: mgonjwa afike akiwa bado na sehemu kubwa ya mrija wake ikiwa nzima. Sharti hilo lina uzito wa pekee kwa mwananchi anayeishi Iramba, kwa kuwa upasuaji wenyewe haufanyiki katika ngazi ya wilaya na njia ya kuufikia hupita katika vituo kadhaa vya rufaa.

Mrija wa hewa, ambao wataalamu huuita trakea, huanzia chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na kushuka hadi kifuani unapogawanyika njia mbili kuelekea mapafu ya kulia na kushoto. Kwa mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 11 na upana unaokaribia sentimita 2. Upande wa mbele na ubavuni umeshikiliwa na pete za gegedu zipatazo 18 hadi 22, kila moja ikiwa na umbo la herufi C, ili mrija usijikunje mtu anapovuta pumzi kwa nguvu. Upande wa nyuma hauna gegedu. Hapo pana msuli laini unaopakana na umio, na ndiyo maana tonge la ugali hushuka bila kukwaruzana na pete hizo.

Ndani, mrija umetandikwa utando wenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hufanya kazi usiku na mchana, vikisukuma makohozi na vumbi kuelekea juu. Mtu aliyeshinda kutwa akipura alizeti au mtama, kisha jioni akakohoa makohozi yenye vumbi, ameiona kazi hiyo kwa macho yake. Jambo la tatu, na ndilo linalowapa madaktari wa upasuaji taabu kuliko yote, ni kwamba mrija huu haulishwi na mshipa mmoja mkubwa wa damu kama ilivyo figo au ini. Hulishwa na vimishipa vingi vyembamba vinavyoingia kutoka ubavuni, kila kimoja kikihudumia kipande chake kifupi.

Kovu hutokeaje? Chanzo kinachojulikana zaidi ni bomba la kupumulia lenyewe, lile lililookoa maisha. Mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe huingizwa bomba kupitia mdomoni hadi ndani ya mrija, na bomba hilo huunganishwa na mashine. Karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba nafasi iliyobaki, hewa ya mashine isivuje na mate yasiingie mapafuni. Puto likijazwa kupita kiasi, hukandamiza utando wa ndani hadi damu isipite. Utando hufa, kidonda hutokea, gegedu chini yake hulika, na kidonda kinapopona huacha kovu linalojikaza kama kamba iliyofungwa kuzunguka shingo ya kibuyu. Kwa sababu hiyo wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi hufundishwa kupima shinikizo la puto mara kwa mara na kulidumisha kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Ni kipimo kidogo ambacho ndugu wa mgonjwa hawakioni, lakini kina thamani kubwa.

Kovu hujikaza polepole, na mwili huvumilia kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Mtu mzima ambaye mrija wake umebaki na upana wa milimita 8 huanza kuhema anapofanya kazi. Ukifikia milimita 5, mluzi husikika hata akiwa ameketi. Kutoka hapo, mafua ya kawaida au bonge la makohozi mazito laweza kuziba nafasi iliyobaki kwa dakika chache. Mgonjwa anayefika hospitali katika hali hiyo hana muda wa kuandikiwa rufaa.

Vyanzo vingine vipo. Bomba la shingoni, liitwalo trakeostomia, likiwekwa juu mno karibu na zoloto huweza kuharibu gegedu la hapo. Rovu kubwa lililokaa miaka mingi huweza kuubana mrija kutoka nje, na kwa miaka hiyo yote mwenye rovu akaliona kuwa ni suala la sura tu. Kuna uvimbe, kuna majeraha ya shingo, kuna moto na moshi, na kuna watoto wanaozaliwa na mrija mwembamba. Kifua kikuu nacho, kikishambulia mrija na matawi yake, huweza kuacha makovu ya aina hii.

Kwa watoto hesabu ni kali zaidi. Njia ya hewa ya mtoto mchanga, katika sehemu yake nyembamba chini ya zoloto, ina upana wa milimita 4 hadi 5 tu. Uvimbe wa milimita 1 kuzunguka ukuta wa njia yenye upana wa milimita 4 huiacha na milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa hupungua kwa robo tatu. Mzazi ataelewa kwa nini mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi huweza kuwa mahututi kabla ya jua kuzama. Aidha, si kila mtoto anayekoroma ana ugonjwa: punje ya karanga au ya mahindi iliyoingia njia ya hewa huweza kukaa siku nyingi ikifanana na nimonia isiyopona, na harage kavu huvimba kwa unyevu wa mapafu. Mtoto aliyepaliwa akila karanga, kisha kikohozi kikaanza siku hiyohiyo, anahitaji kupelekwa hospitali na habari hiyo ya karanga itajwe, hata kama kupaliwa kwenyewe kulipita. Watoto wadogo chini ya miaka minne hawafai kupewa karanga nzima.

Namna ya kutofautisha na pumu

Pumu hubana njia ndogo za hewa ndani kabisa ya mapafu. Mluzi wake husikika zaidi mgonjwa anapotoa pumzi, huja na kuondoka, huchochewa na vumbi, baridi au moshi, na kwa kawaida hutulia kwa dawa ya kuvuta. Mrija uliosinyaa ni jambo jingine. Sauti yake husikika zaidi mgonjwa anapovuta pumzi, hutokea shingoni kuliko kifuani, haiondoki, na huongezeka wiki hadi wiki. Sauti ya kuzungumza huweza kuwa ya kawaida kabisa, jambo linalowapoteza wengi, au ikawa ya kukwaruza ikiwa zoloto nalo limeguswa.

Kati ya dalili zote hizo, swali moja lina nguvu kuliko kipimo chochote cha zahanati: je, mtu huyu amewahi kuwekewa bomba la kupumulia katika miaka ya karibuni? Mganga akilijua jibu, mluzi huo hubadilika maana. Mgonjwa na familia yake ndio wenye jibu hilo, na mara nyingi hawaulizwi. Kwa hiyo inafaa walitamke bila kusubiri kuulizwa, na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali itunzwe pamoja na vyeti vingine vya nyumbani.

Katika Hospitali ya Wilaya ya Iramba iliyopo Kiomboi, kazi ya kwanza ni kumfanya mgonjwa apumue. Hukalishwa badala ya kulazwa chali, hupewa oksijeni na dawa za kupunguza uvimbe, na ikilazimu hutobolewa shingo na kuwekewa bomba. Tundu hilo hupaswa kuwekwa chini ya zoloto, kwa kawaida kati ya pete ya pili na ya nne. Kazi ya pili ni kuandika rufaa mapema. Kutoka Kiomboi mgonjwa huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, na kutoka hapo huweza kupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, umbali wa takribani kilomita 240 kutoka Singida mjini, au katika hospitali nyingine za ngazi ya juu kama Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi na Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Daktari ndiye anayeamua mgonjwa apelekwe wapi, kwa kuwa upasuaji wa njia ya hewa una aina nyingi na si kila hospitali yenye daktari bingwa wa masikio, pua na koo huifanya yote.

Kipimo kinachoamua ni kamera nyembamba inayoingizwa kooni mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kupitia kamera hiyo daktari huona kovu liko wapi, lina urefu gani na limebakiza nafasi kiasi gani. Picha za CT-Scan huongeza vipimo vya nje ya mrija. Vipimo hivyo vikishakamilika, hesabu ya sentimita huanza.

Kukata na kuunga

Kovu jembamba kama utando huweza kupasuliwa kwa mwanga wa leza au kutanuliwa kwa puto maalumu, na mgonjwa akarudi nyumbani baada ya siku chache. Njia hiyo ni nyepesi, lakini kwa kovu nene au lenye urefu hali hurudi ileile, na kila kutanua kupya huweza kurefusha kidonda. Daktari makini hairudii bila kikomo.

Kwa kovu lililokomaa, tiba yenye matokeo ya kudumu ni kukikata kipande kilichosinyaa na kuziunganisha ncha mbili zilizo nzima. Hadi katikati ya karne iliyopita madaktari waliamini kuwa si zaidi ya sentimita 2 za mrija zinazoweza kuondolewa bila ncha kushindwa kukutana. Daktari Hermes Grillo wa Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, alipima upya jambo hilo kuanzia miaka ya 1960 na kuonesha kuwa mtu mzima anaweza kuondolewa hadi karibu nusu ya mrija wake, iwapo shingo yake inakunjika vizuri na mrija umelegezwa kwa uangalifu mbele na nyuma bila kugusa vimishipa vya ubavuni. Kwa mtoto kiasi salama ni pungufu, karibu theluthi moja. Hospitali zenye uzoefu wa muda mrefu na upasuaji huu zimeripoti matokeo mazuri kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10.

Upasuaji wenyewe unahitaji maelewano yasiyo ya kawaida kati ya watu wawili. Katika upasuaji mwingine, mtaalamu wa usingizi hukaa upande wa kichwa na njia yake ya hewa, na daktari wa upasuaji akaendelea na kazi yake tumboni au mguuni. Hapa wote wawili wanagombea mrija mmoja. Daktari anapoukata, bomba la mdomoni huwa halifiki tena mapafuni, hivyo bomba jingine safi huingizwa moja kwa moja katika ncha ya chini kupitia kidonda, na mgonjwa hupumulia hapo. Nyuzi za ukuta wa nyuma hushonwa kwanza. Kisha bomba la kidonda hutolewa, lile la mdomoni husukumwa chini kuvuka maungio, na nyuzi za mbele hukazwa. Panapobadilishwa mabomba, chumba kizima hunyamaza.

Maungio hayapendi kuvutwa. Kwa sababu hiyo, kabla mgonjwa hajaamshwa, daktari hushona uzi mnene kutoka ngozi ya chini ya kidevu hadi ngozi ya kifua, ili asiweze kuinua kichwa ghafla. Hukaa hivyo kwa takribani wiki moja, akiangalia magoti yake, akila na kulala shingo ikiwa imeinama. Ndugu wanaofika kumjulia hali hushtuka wakidhani ameumizwa shingo. Ni vyema wakaelezwa mapema, maana uzi huo ni sehemu ya tiba na kuukata kwa huruma huweza kuharibu kazi yote.

Watoto wenye usinyaaji chini ya zoloto hufanyiwa upasuaji wa namna tofauti, wa kupanua badala ya kukata. Kipande kidogo cha gegedu la ubavu wa mtoto mwenyewe huchongwa na kupachikwa katika mpasuko wa mbele, wakati mwingine na wa nyuma, kama fundi cherehani anavyoongeza kipande cha kitambaa kwenye nguo iliyobana. Njia hii iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na madaktari Blair Fearon na Robin Cotton wakiwa Toronto, Canada. Gegedu hilo halikataliwi na mwili kwa kuwa ni la mwili uleule.

Panapokuwa na sababu ya kutokata, kwa mfano mgonjwa ni dhaifu mno au kovu ni refu mno, huwekwa bomba laini la silikoni lenye umbo la herufi T, shina lake likitokeza shingoni na mikono yake miwili ikishikilia mrija usijifunge. Wengine huishi nalo miaka mingi na huzungumza.

Kwa nini mrija mpya haununuliwi

Swali ambalo ndugu wa wagonjwa huuliza ni kwa nini mrija ulioharibika wote usiondolewe na kuwekwa wa plastiki. Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa vitendo, na aliyelilipia alikuwa mtu wa Afrika Mashariki.

Mnamo Juni 2011, katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Karolinska nchini Sweden, raia wa Eritrea mwenye umri wa miaka 36 aliyekuwa akisomea shahada ya juu nchini Iceland alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe uliokuwa umevamia mrija wake wa hewa. Iceland si nchi ngeni kwa wanataaluma wa ukanda huu, kwa kuwa wataalamu wengi wa jotoardhi kutoka Kenya, Tanzania na nchi jirani wamepata mafunzo huko. Baada ya kuondoa uvimbe, daktari Paolo Macchiarini alimwekea mrija wa plastiki uliotengenezwa London na kulowekwa katika seli zilizotoka kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe. Ilitangazwa duniani kote kuwa seli hizo zingeota na kuugeuza mrija wa plastiki kuwa kiungo hai. Taarifa ya upasuaji huo ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la The Lancet.

Seli hazikuota. Plastiki haina vimishipa vya damu vya kulisha utando, haina vinyweleo vya kusukuma makohozi, na haikushikamana na nyama iliyoizunguka. Mgonjwa alirudi hospitalini mara nyingi na alifariki dunia Januari 2014. Wagonjwa wengine wawili waliowekewa mirija ya aina hiyo katika hospitali hiyo nao walifariki. Madaktari wanne wa Karolinska waliosoma majalada ya wagonjwa waligundua kuwa yaliyoandikwa kwenye majarida hayakulingana na yaliyoandikwa wodini, na wakatoa taarifa mwaka 2014. Haikuwa rahisi kwao kusikilizwa. Jarida la The Lancet liliiondoa taarifa ile mwaka 2018, na Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ya Sweden ilimtia daktari huyo hatiani kwa kosa la kuwadhuru vibaya wagonjwa hao watatu na kumhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi sita.

Kilichokosekana katika mkasa huo ni kile kile kinachodaiwa na sheria na taratibu za utafiti hapa nchini. Tiba isiyothibitishwa haijaribiwi kwa binadamu kabla itifaki yake haijapitiwa na kamati ya maadili ya utafiti chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na majaribio ya dawa au kifaa tiba huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mgonjwa anayeombwa kushiriki utafiti ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kuendelea kupata huduma ya kawaida baada ya kukataa. Matangazo ya mitandaoni yanayoahidi kuotesha viungo kwa seli shina yasomwe kwa tahadhari hiyo.

Utafiti halali unaendelea, kwa hatua fupi. Mjini Leuven, Ubelgiji, daktari Pierre Delaere aliuzungushia mrija wa mfadhili ngozi na nyama ya mkono wa mgonjwa kwa miezi kadhaa hadi ukapata damu, ndipo akauhamishia shingoni, na kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2010. Nchini Ufaransa, timu ya daktari Emmanuel Martinod imetumia vipande vya mshipa mkuu wa damu vilivyotolewa kwa wafadhili waliofariki na kuhifadhiwa kwa baridi kali, vikishikiliwa na bomba la wavu, na mwaka 2018 ilitoa matokeo ya wagonjwa 13. Januari 2021 katika Hospitali ya Mount Sinai, New York, daktari Eric Genden na wenzake walipandikiza mrija wa mfadhili pamoja na vimishipa vyake vya damu kwa mwanamke ambaye mrija wake uliharibiwa na mabomba aliyowekewa alipougua pumu kali. Upasuaji huo ulichukua takribani saa 18, na mgonjwa wa aina hiyo hulazimika kutumia dawa za kuuzuia mwili usikikatae kiungo cha mwenzake.

Hakuna kati ya hizo iliyofika mahali pa kuwa huduma ya kawaida popote duniani. Kwa mgonjwa wa Iramba, mrija bora kuliko yote ni ule aliozaliwa nao, na kila mwezi unaopotea kwa matibabu ya pumu asiyonayo humpunguzia sehemu ya kuunga.

Mwenye bomba shingoni

Wapo wananchi waliorudi vijijini na bomba la trakeostomia na kuambiwa waendelee nalo, kisha miaka ikapita bila kurudi kliniki. Baadhi yao huenda hawalihitaji tena, au wanafaa kufanyiwa upasuaji ulioelezwa hapo juu. Wanashauriwa kufika Hospitali ya Wilaya waandikiwe rufaa ya kuangaliwa upya. Hawapaswi kulitoa bomba wenyewe, hata kama wanapumua vizuri wanapoliziba kwa kidole, kwa kuwa tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Wakati wakisubiri, bomba la ndani litolewe na kusafishwa kila siku kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na mara nyingi zaidi makohozi yakiwa mazito. Mdomo wa bomba ufunikwe kwa kitambaa chepesi chenye unyevu, hasa miezi ya kiangazi ambapo upepo wa nyanda za Iramba hubeba vumbi, kwa sababu hewa inayopita shingoni haijachujwa wala kulainishwa na pua. Mwenye bomba asiogelee wala kuoga bwawani. Nyumbani kuwe na bomba la akiba la kipimo kilekile, na watu wawili wanaojua kulibadilisha, kwa maana mmoja huweza kuwa shambani siku litakapoziba. Watoto wanaosoma na mwenzao mwenye bomba waelezwe kuwa haliambukizi.

Barua ya rufaa ya mgonjwa wa njia ya hewa inapaswa kutaja tarehe aliyowekewa bomba la kupumulia na tarehe lilipotolewa, mahali alipolazwa, kama amewahi kutobolewa shingo, na dawa za pumu alizotumia bila nafuu. Mgonjwa ana haki ya kuomba isomwe mbele yake kabla haijafungwa. Safari yenyewe isifanywe kwa basi la kawaida ikiwa mluzi unasikika akiwa ameketi, bali kwa gari la wagonjwa lenye oksijeni na mtoa huduma anayeweza kulinda njia ya hewa. Familia isiyomudu gharama imwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka Kiomboi. Fomu ya msamaha ikijazwa huko humkuta mgonjwa akiwa tayari ametambuliwa, wakati ikianzwa kutafutwa Dodoma huweza kuchukua siku ambazo pumzi yake haina.